Sababu ya Kuacha Kazi

Siku hizi nikiitwa kufunga koki kwenye nyumba ya mtu pale Maisaka, huwa naulizwa ufundi nilijifunzia wapi. Nasema chuoni. Wenye nyumba wanafurahi, wanadhani nilikuwa kijana mzuri aliyemaliza shule akaenda chuo moja kwa moja. Siwaambii kwamba nilianza chuo nina miaka arobaini na minne, ndevu zimeshaanza kuwa nyeupe, na kwamba nilibakiza kidogo tu nisianze kabisa kwa ajili ya kiburi changu mwenyewe. Leo naandika yote. Kuna mtu ninayetaka kumshukuru kwa maandishi, maana kwa mdomo nimemshukuru mpaka amechoka, na kila nikianza ananifukuza kwenye kibaraza chake, anasema ana nguo za watu za kumaliza.

Kabla ya mabomba nilikuwa mchimbaji. Miaka tisa nilishinda chini ya ardhi huko Simanjiro nikitafuta tanzanaiti, kwenye shimo la tajiri ambaye kwa macho yangu nilimwona mara nne. Utaratibu wetu ulikuwa hauna mkataba wala mshahara. Tajiri analeta mashine, baruti na chakula, wewe unaleta mgongo wako. Jiwe likitoka mnagawana. Lisipotoka, basi mmekula. Kwa hiyo mchimbaji wa shimo letu hakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba ana kazi. Alichokuwa nacho ni sahani yake jikoni. Ukipanda juu mchana ukakuta sufuria imeinjikwa na sahani yako ipo, ujue kesho una kazi.

Aliyekuwa anainjika hiyo sufuria alikuwa mwanamke mmoja, mpishi wetu, na sisi wote tulimwita mama. Jiko lake lilikuwa mawe matatu chini ya turubai, hatua kama hamsini kutoka mdomo wa shimo. Alipika makande, ugali na maharage, siku ya sikukuu wali. Alijua nani ana vidonda vya tumbo asiwekewe pilipili, nani amegombana na mkewe kwenye simu. Mimi alijua kwamba nikiwa na hasira sili ukoko, kwa hiyo akinipa ukoko nikaukataa, anawaambia wenzangu wakae mbali nami.

Kuna desturi moja ya mashimoni ambayo mtu wa nje akiisikia anacheka. Kule mtu akifukuzwa kazi hasemi kwamba amefukuzwa. Ukisema umefukuzwa, watu wanasema una mkosi, jiwe linakukwepa, ukiingia kwenye shimo lao nao watakosa. Hakuna msimamizi atakayekupa nyundo. Kwa hiyo kila anayefukuzwa anabeba begi lake, anatembea polepole kama mtu anayekwenda harusini, na akiulizwa anajibu: "Nimeamua kupumzika." Nimewahi kumwona mtu ametolewa kwa kusukumwa, shati limechanika mgongoni, na bado anasema ameamua kupumzika. Na sisi tulimwitikia vizuri tu, tukamtakia mapumziko mema.

Zamu yetu ilifika asubuhi moja ya kiangazi. Msimamizi alitukusanya kwenye mdomo wa shimo, wanaume kumi na mmoja, kabla hatujashuka. Alikuwa anatazama viatu vyake. Alisema tajiri amekwama, mashine zinachukuliwa siku hiyo hiyo kupelekwa kwingine, kila mtu achukue kilicho chake aende kwao. Alisema kwa maneno machache kuliko haya. Hakuna aliyeuliza swali. Tulitawanyika, na nilipofika kituo cha basi kila mmoja wetu alikuwa ameshaanza kuamua kupumzika.

Nilifika Babati jioni. Mke wangu alikuwa uani anachambua mbaazi. Nikamwambia nimeona bora nipumzike kidogo. Alilitazama begi langu, akaiangalia ndoo yangu, akaligeukia godoro nililolikunja na kulifunga kamba.

"Na godoro nalo limeamua kupumzika?" akauliza.

Nilimkasirikia siku mbili nzima. Huo ndio ubaya wangu, mtu akisema kweli mimi nanuna.

Mapumziko yale yalikuwa marefu. Nililima shamba la kukodi, mvua ikakatika mapema. Nilibeba tofali, nilichimba vyoo vya watu, maana mtu aliyetoka migodini kila mwenye kazi ya kuchimba anamkumbuka. Mgongo ulishaanza kugoma. Asubuhi mke wangu alikuwa ananiinua kitandani kwa kunivuta mikono, huku anahesabu moja, mbili, tatu. Nilijua wazi kwamba mwili wangu hauna miaka mingi ya koleo iliyobaki, na sikuwa na ufundi mwingine wowote duniani. Hofu ile nilikuwa naimeza peke yangu.

Ndipo bajaji ikapita mitaani na kipaza sauti. Ilitangaza mpango wa kuwasaidia watu waliopoteza kazi migodini: unafundishwa ufundi miezi sita, na ukimaliza unapewa vifaa vya kuanzia. Mchungaji naye alilisema kanisani, na jirani yangu mwenye duka akaniambia msikitini pia limesemwa. Nililifuata tangazo lenyewe, lilikuwa limebandikwa kwenye ukuta karibu na stendi. Nilisoma sifa za mwombaji nikiwa nimesimama na watu wengine, kila mmoja akiitikia kwa kichwa alipofika kwenye sifa aliyokuwa nayo. Uwe mkazi wa Babati, nilikuwa. Uwe umefanya kazi mgodini si chini ya miaka mitatu, nilikuwa na tisa. Usiwe umevuka miaka arobaini na mitano. Hapo nilihesabu kwa vidole ingawa nilijua. Zilibaki wiki chache tu, na tangazo lilisema awamu nyingine ni mwakani. Kwa maneno mengine, kwangu mimi awamu ilikuwa hii au hakuna.

Ofisi ya mpango ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Aliyetupokea alikuwa binti wa umri wa mtoto wangu wa kwanza, ana miwani na sauti ya chini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Nikusaidie kujaza au utajaza mwenyewe?"

Nikasema nitajaza mwenyewe, mimi darasa la saba nilimaliza. Sauti niliyoitumia ilikuwa kubwa kuliko iliyohitajika, kwa sababu kwenye benchi nyuma yangu walikuwa wamekaa wenzangu wawili wa shimo lile lile, mmoja wa Dareda na mwingine wa hapa mjini. Tulikuwa tumesalimiana ngazini na kuulizana mapumziko yanakwendaje.

Nilijaza vizuri mpaka nikafika penye swali la sababu ya kuacha kazi. Kulikuwa na visanduku vitatu. Cha kwanza, mgodi umefungwa na serikali. Cha pili, nimeachishwa. Cha tatu, nimeacha kwa hiari yangu. Nilishika kalamu hapo muda mrefu. Yule wa Dareda alikuwa amenyoosha shingo, naihisi pumzi yake begani. Moyoni niliona wazi kwamba nikiweka alama kwenye kile cha pili, habari itafika Simanjiro kabla ya jua kuzama, na siku nikitaka kurudi shimoni nitaitwa mtu wa mkosi. Eti nikitaka kurudi, mtu ambaye kitandani nainuliwa kwa kuvutwa! Nikajikaza kisabuni. Nikaweka alama kwenye kisanduku cha tatu na kukandamiza kalamu mpaka karatasi ikaacha shimo. Nilipoinuka, wenzangu nao wakaketi wakajaza, na mimi nikanyoosha shingo kuwatazama. Wote wawili waliweka tatu.

Majina yalibandikwa wiki iliyofuata. Langu halikuwepo. Nilisoma orodha kutoka juu kwenda chini, nikasoma kutoka chini kwenda juu, nikasogea pembeni nikamwachia mwingine nafasi, kisha nikarudi. Halafu nikapanda ngazi zile mbili mbili na hasira yangu yote. Sikungoja kukaribishwa. Nilimwambia yule binti kwamba tunajua kazi hizi zinakwenda kwa kujuana, kwamba mimi nimekula vumbi miaka tisa wakati yeye yuko shule, na mengine ambayo nikiyakumbuka nashika kichwa. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akafungua kabati, akatoa fomu yangu, akaigeuza ielekee kwangu, na kuweka kidole kwenye lile shimo la kalamu.

"Baba, hapa umeandika wewe mwenyewe kwamba uliacha kwa hiari. Mpango huu ni wa watu waliopoteza kazi. Aliyeacha mwenyewe hana sifa."

Nikainama kulitazama lile shimo.

"Na nina wengine wawili wa mgodi wako," akaendelea. "Nao wameacha kwa hiari, mwezi ule ule, wiki ile ile. Yaani baba, shimo zima mliamka asubuhi mkaamua kupumzika?"

Hakuwa ananidhihaki, alikuwa anauliza kweli, na hilo ndilo lililonimaliza. Nilikaa kwenye kiti bila kuambiwa. Nikamweleza habari ya mkosi, na jinsi tunavyosema. Aliandika kidogo kwenye daftari lake, akavua miwani akaifuta. Angeweza kuniambia niende zangu baada ya matusi yale, na ningestahili. Badala yake akaniambia kuna nafasi ya kukata rufaa mpaka Ijumaa saa sita mchana. Hawadai mkataba, wanajua mashimo madogo hayana mikataba. Wanachotaka ni shahidi mmoja, mtu aliyefanya kazi mahali pale pale, aje mwenyewe aseme kwamba niliachishwa. Ila wenzangu wale wawili hawafai, kwa sababu fomu zao zinasema kinyume.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Nikampigia simu msimamizi wetu wa zamani. Alipokea kwa furaha mpaka nilipomwambia ninachotaka.

"Nani amefukuzwa?" akasema. "Mgodi haujafungwa ndugu yangu. Umepumzika tu."

Wenzangu wengine, mmoja simu haikuwa hewani tena, na mwingine aliniambia yuko tayari kuja kushuhudia chochote ninachotaka isipokuwa hicho. Nilimlaani kimoyomoyo, kisha nikakumbuka kwamba wiki iliyopita mimi ningemjibu vivyo hivyo. Nilirudi nyumbani nikakaa uani. Mke wangu aliusoma uso wangu, akaniletea chai, akasubiri. Nikamweleza yote, pamoja na kisanduku cha tatu. Sijui nilitegemea nini. Hakunicheka. Alifikiri kidogo, akasema:

"Na yule mama aliyekuwa anawapikia?"

"Yule alikuwa jikoni. Hakuwa mgodini."

"Kwani jiko lilikuwa Dodoma?"

Akaniambia yuko Singe, amerudi kwao, analima, na maharage tunayokula nyumbani kwangu mwaka mzima yanatoka kwake. Nikamwuliza kwa ukali kwa nini hajawahi kuniambia. Akasema ameniambia mara tatu, na kila mara nimetafuta kitu cha kufanya nje. Ilikuwa kweli.

Alhamisi asubuhi nilikwenda Singe kwa miguu. Nilimkuta shambani kwake, ametandaza maharage makavu kwenye turubai na anayapura kwa fimbo, kitambaa amekifunga kichwani, maganda yamemjaa mabegani. Aliniona nikiwa mbali akaendelea kupiga. Nilipofika alinitazama kutoka juu mpaka chini.

"Umekonda," akasema.

"Habari za siku mama."

"Nzuri. Fimbo nyingine iko pale."

Nikaichukua. Tulipura pamoja, yeye upande ule mimi upande huu, fimbo zetu zikipishana. Mgongo ulilalamika nikaupuuza. Nilikuwa nimetayarisha maneno njiani na yote yalipotea, kwa hiyo nilieleza vipande vipande kati ya pigo na pigo: mpango, fomu, kisanduku, Ijumaa saa sita. Sikuwa na kitu mkononi cha kumpa. Na nilikuwa na sababu yangu ya kuamini kwamba atakataa, na kwamba akikataa sitakuwa na la kusema. Alisikiliza mpaka mwisho, akainama akapepeta kidogo kwa mikono, akapuliza maganda.

"Kesho nije saa ngapi?" akauliza.

Hilo tu. Mpaka leo nikipita njia ile ya Singe nakumbuka swali lile na nashukuru. Watu nilioshuka nao shimoni, tuliofungana kamba kiunoni, walinikatalia kwa upole. Yeye aliuliza saa.

Ijumaa nilifika nikidhani nimewahi, nikamkuta ameketi ngazini, amevaa kitenge kilichopigwa pasi na viatu vya kanisani. Tulipanda. Yule binti alimwamkia kwa heshima, akamvutia kiti, akafungua fomu yangu.

"Mama, unamfahamu huyu baba?"

"Nimemlisha miaka tisa."

"Unaweza kuniambia aliacha kazi mwenyewe au aliachishwa?"

"Huyu?" Alinigeukia kidogo. "Huyu angeacha mwenyewe? Huyu hata akiwa na homa alikuwa anashuka. Alifukuzwa. Wote kumi na mmoja walifukuzwa siku moja, asubuhi, hata maharage yangu hayajachemka. Magari yakaja yakachukua kompresa, yakachukua jenereta na kamba. Kama kuna mmoja kakuandikia aliacha mwenyewe, kakudanganya, na ukitaka niwatajie hao wengine nitakutajia."

Neno lile, alifukuzwa, nililikimbia zaidi ya mwaka mzima. Nilidhani siku likisemwa mbele ya mtu wa ofisi nitatamani ardhi inimeze. Lilipotoka kinywani kwake lilitoka kama jina la chakula. Nilipumua. Niliona mabega yangu yanashuka, na sikujua kwamba yalikuwa juu. Yule binti aliandika, akamsomea, akamwomba aweke sahihi, akaigonga karatasi mhuri. Hapo hapo mama akawashuhudia na wale wenzangu wawili bila kuombwa, jina moja baada ya jingine, na mhuri ukagongwa mara mbili tena. Nilikuwa nimeshapata. Nilisimama nimshukuru kila mtu niondoke.

Lakini yule binti hakuwa amefunga kalamu.

"Na wewe mama," akasema, "mbona fomu yako sijaiona?"

"Fomu gani? Hizi si za wachimbaji?"

Binti akachukua tangazo kutoka kwenye meza, akaisoma sehemu ile ya sifa polepole, kwa sauti. Lilisema aliyefanya kazi mgodini. Halikusema chini wala juu. Nilikuwa nimelisoma tangazo lile mara nyingi kuliko sala zangu, na sikuwahi kumwona yeye ndani yake. Miaka tisa ameamka kabla yetu na kulala baada yetu, na mimi juzi tu nilikuwa nimemwambia mke wangu kwamba hakuwa mgodini. Niliona aibu nikakaa tena.

Saa ya ukutani ilisema saa tano na nusu imepita, na mwisho wa kupokea fomu mpya ulikuwa ule ule wa rufaa, saa sita. Binti akatoa fomu mpya, akaanza kumwuliza na kuandika haraka. Mwaka wa kuzaliwa. Akautaja, na mimi nikageuka, kwa sababu mwanamke niliyemwita mama miaka yote ile nilikuwa nimemtangulia kuzaliwa kwa miaka minne. Ufundi unaoutaka. Binti alikuwa ameshaanza kuandika mapishi, mama akamshika mkono.

"Cherehani," akasema. "Kupika nimepika ya kutosha."

Tulicheka wote watatu. Shahidi, akaniandika mimi, na uhusiano nikamwambia aandike mfanyakazi mwenzake. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Kisha wakafika penye sababu ya kuacha kazi.

"Uliachishwa, si ndiyo mama? Kwa aliyeachishwa, hapa chini wanataka na jina la aliyemwarifu. Nani alikuambia kwamba kazi imekwisha?"

Mama alifikiri.

"Hakuna."

"Hakuna aliyekuambia?"

"Hakuna. Mimi nilipika. Siku ile ilikuwa makande, ya watu kumi na mmoja. Niliona magari yanapakia, nikasema labda mashine zinakwenda kutengenezwa. Saa ya chakula ikafika, nikaziweka sahani. Nikangoja. Jua likageuka, nikayafunika yasipoe. Jioni vijana wa gari la mwisho wakaja wakafungua turubai la jiko, nikiwa nimekaa chini yake. Nao hawakuniambia kitu. Nikabeba sufuria yangu nikaenda."

Alieleza bila kulia na bila hasira, kama anavyoeleza mtu aliyekosa basi. Binti alikuwa ameishikilia kalamu juu ya karatasi. Aliisoma tena ile sehemu ya fomu, akaguna, akatazama saa.

"Mama yangu, hapa siwezi kupaacha wazi, watairudisha. Aliyeachishwa ni lazima awe ameambiwa. Kama hakuna aliyekuambia, kwa fomu hii wewe hujaachishwa. Kwa fomu hii bado uko kazini."

Mama akacheka kidogo, halafu akaacha. Akaanza kukunja upindo wa kitenge chake kwenye magoti, akiukunja na kuukunjua.

Mimi nilijua jina la kuandikwa pale. Asubuhi ile karibu na mdomo wa shimo, watu walipokwisha kuchukua vitu vyao na kutawanyika, msimamizi alinishika mkono kwa sababu nilikuwa nimebaki nyuma nafunga kamba ya godoro. Aliniambia: kamwambie mama wa jikoni kwamba tumemaliza. Nikasema sawa. Nikaelekea jikoni, nikauona moshi, nikamsikia anaimba. Ningemwambia nini? Ilibidi nitamke kwamba tumefukuzwa, na yeye ndiye mtu mmoja kule ambaye ningeshindwa kumdanganya kwamba nimeamua kupumzika. Nikavua viatu nisisikike, nikapita nyuma ya turubai, nikaenda kituoni. Nilikula andazi la stendi wakati yeye anayafunika makande yangu. Sikumwambia mke wangu, na kule Singe jana yake nilipura maharage asubuhi nzima nikashindwa kumwambia yeye mwenyewe.

Nikasimama. Sikujua kwa nini nimesimama, ila nisingeweza kulisema nikiwa nimekaa. Nilimwambia yule binti kwamba yupo aliyetumwa kumwarifu huyu mama, na ni mimi, na sikufika. Nikaeleza yote, mpaka viatu. Mama alikuwa ameacha kukunja kitenge. Binti alinitazama, akamtazama na yeye, kisha akatazama saa, ilikuwa imebaki robo.

"Basi mwambie sasa, baba," akasema kwa sauti ile ile ya chini. "Mwambie niandike."

Nikamgeukia. Nilivua kofia yangu.

"Mama, nimetumwa na msimamizi. Kazi imekwisha. Mgodi umefungwa, tumefukuzwa wote, na wewe pia umefukuzwa. Usiinjike tena."

Kalamu ya binti ilikuwa inakwenda. Mama alinitazama, macho yake yamejaa machozi, kisha akaitikia kwa kichwa.

"Asante kwa kuniambia," akasema.